Mkono Usiokauka

Nguo zote kwenye kamba zilikuwa zimekauka isipokuwa mkono wa kulia wa shati moja jeupe. Dobi aliligeuza lielekee jua, akalibana upya, akaenda kupiga pasi shuka za nyumba ya wageni, akarudi. Mgongo wa shati ulikuwa mkavu hadi unakwaruza. Mkono wa kushoto mkavu. Mkono wa kulia ulikuwa unachuruzika, tone kwa tone, juu ya beseni la soksi za watu zilizokwisha kukauka na kupangwa mbilimbili. Dobi alisonya. Akaukamua mkono ule mpaka vidole vikamuuma, akautundika, na kabla hajajifuta mikono kwenye gauni lake ulikuwa umejaa maji tena.

Alijaribu pasi. Pasi ikatoa mvuke mwingi na mkono ukabaki vilevile. Mwishowe aliweka beseni tupu chini yake, maana maji ni maji, na mabomba ya mtaa ule yalikuwa yanatoa upepo. Kufikia alasiri beseni lilikuwa limejaa nusu. Yalikuwa maji safi tu, hayana harufu. Akafulia soksi upya.

"Hilo shati limekushinda?" aliuliza jirani yake muuza mkaa, akichungulia juu ya ukuta.

"Shati halina neno. Mwenye shati ndiye ana neno."

"Basi mrudishie na neno lake," alisema muuza mkaa, akaendelea kupima mkaa wake.

Mwenye shati alikuwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji. Dobi alimfulia tangu enzi zile akiwa msoma mita wa kawaida, anaruka mitaro na kufukuzwa na mbwa, suruali zake zinakuja zimechanika makalioni. Alipopanda cheo mashati yakawa meupe, lakini dobi alibaki yuleyule na salamu ikabaki ileile: "Dada, hujambo? Usizidishe wanga." Mtu ukimfulia miaka yote hiyo, hata jasho lake unalijua. Haya hayakuwa jasho.

Sasa lazima isemwe habari ya moto, ingawa mtaani kila mtu amechoka kuisema.

Mdogo wake dobi alikuwa fundi seremala, kitinda mimba wa mama yao, mtoto ambaye dobi alimbeba mgongoni wakati yeye mwenyewe bado ni wa kubebwa. Karakana ilikuwa chini, chumba cha kulala juu, na katikati ngazi ya mbao. Mchana mmoja waya wa mashine ya randa ulitoa cheche, cheche ikaangukia pumba za mbao na vanishi, na ngazi ikawa ya kwanza kuungua. Zimamoto walifika upesi. Hilo peke yake ni muujiza, lakini hakuna aliyelizungumzia. Walifunga mpira wao kwenye bomba la zimamoto pale kona, wakafungua, na mpira ukalala barabarani bapa kama ulivyoshushwa garini. Wakafunga, wakafungua tena. Seremala alikuwa dirishani ameshika nondo za dirisha, akamwona dada yake chini katikati ya watu.

"Dada," aliita, "mbona maji hayaji?"

Dobi alizika akiwa na swali hilo, akafua nalo, akalala nalo. Hakuwa anataka fidia, wala hakutaka mtu anyongwe. Alitaka kwenda kumjibu mdogo wake, na jibu lenyewe alitaka alipate kwa mtu mwenye mdomo.

Tatizo ni kwamba Mamlaka ya Maji ilikuwa haina tena watu wenye midomo. Ilikuwa na Mtaalamu. Mtaalamu ni jina walilompa mashine yao yenye akili bandia, ambaye alikuwa akifungua na kufunga koki za mji mzima bila mtu kushika spana. Siku anazinduliwa walimkatia utepe na kumpigia makofi. Tangu hapo, kila jema lilikuwa la Mkurugenzi na kila baya lilikuwa la Mtaalamu, na mambo yalikwenda vizuri.

Dobi alipokwenda mara ya kwanza, baada ya mazishi, mapokezi walimwambia, "Ni Mtaalamu huyo, mama." Injinia alimwambia mfumo ndio ulioamua, wao hata hawakujua. Mkurugenzi alimpa kiti, akampa pole, akamwambia kwa sauti ya msibani, "Dada yangu, hii akili bandia ina mambo yake. Hata sisi imetuumiza."

Imewaumiza! Dobi alimtazama kuanzia utosini mpaka kwenye viatu akitafuta hata mchubuko. Hakuuona. Alirudi nyumbani akiwa na hasira hadi kijasho kinamtoka, na lilikuwa shati la siku hiyohiyo lililokataa kukauka.

Basi alilitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa mafundo mawili, akalipeleka ofisini.

Mlangoni kulikuwa na kibao: SAKAFU INATELEZA. Ndani, mfagizi, mzee mwenye viatu vya mpira, alikuwa anadeki kwa namna ya mtu asiyetarajia kumaliza.

"Bomba limepasuka?" aliuliza dobi.

"Bomba gani! Mikono, dada. Mimi siku hizi nadeki mikono ya watu." Alikamua dekio ndooni. "Ilianza siku ile ulipokuja hapa baada ya mazishi. Ni watatu tu. Mhasibu mkavu, mlinzi mkavu, dereva mkavu. Mimi unaniona, nina magaga mpaka kiwiko."

"Na hao watatu wanasemaje?"

"Wanasema ni kiyoyozi."

Ofisi ilikuwa imeshazoea. Chini ya meza tatu kulikuwa na ndoo. Simu zilikuwa zimevalishwa nailoni. Tangazo ukutani liliwaelekeza watumishi wenye mikono yenye unyevu wawashe taa kwa mkono wa kushoto, na chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Na waseme ukweli kwa mkono upi?" Hakuna aliyelibandua. Watu walipita wakikunja suruali, wakisalimiana, wakielekea kwenye chai.

Mfagizi alimwonyesha chumba cha Mtaalamu. Kilikuwa na baridi ya kutetemesha. Mtaalamu alikuwa kabati la chuma linalonguruma taratibu, na juu yake kulikuwa na vumbi la kutosha kuandika jina. Dobi alipitisha kiganja ubavuni mwake, juu, chini, nyuma alipoweza kufika. Mkavu. Hakuna hata umande.

Mbele yake kulikuwa na meza, kioo cha kompyuta, na binti wa zamu, mkono wake wa kulia umelala ndani ya bakuli. Mkono ule ulikuwa unadondosha kidogokidogo, na ngozi yake ilikuwa imekunjamana kama ya dobi mwenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema binti, bila kuinua macho.

"Marahaba. Nasikia huyu ndiye aliyemuua mdogo wangu. Nimekuja kumwona."

Binti alitazama kioo chake. Pale maandishi yalitokea, yakatoweka, yakatokea mengine, yakatoweka. Dobi alijaribu kuyasoma lakini yalikwenda haraka mno.

"Anasema nini?"

"Anauliza." Binti alionyesha kioo kwa mkono wa kushoto. "Huwa anauliza, mama. Kila kabla hajafunga koki. Anaandika pale: nikifunga mtaa huu, bomba la zimamoto litakosa maji, je, niendelee? Inatakiwa mtu asome, awapigie zimamoto simu, ndipo ajibu. Zamani tulikuwa chumba kizima. Mkurugenzi akatupunguza, nikabaki peke yangu. Na yeye ndiye aliyeagiza kule mlimani kwa wakubwa maji yasikatike hata mara moja, kwa hiyo huku bondeni kwenu yanafungwa kutwa. Huyu anauliza kutwa, mama. Chai hunywi, chooni huendi. Nikalalamika. Injinia akaniambia, wewe naye, si uchomeke kijiti?"

Dobi aliinama kwenye meza. Katika kitufe cha NDIYO, pembeni, kulikuwa kumechomekwa kijiti cha kuchokonolea meno, kimekibana kitufe chini kisiinuke. Kilikuwa kijiti cha kawaida, kimetafunwa ncha moja. Mtaalamu aliuliza, kijiti kikajibu ndiyo. Akauliza tena, kijiti kikajibu ndiyo. Akili yote ile iliyokatiwa utepe, mwenye kuiamulia alikuwa kijiti!

Sasa jamani, mtu utasema nini hapo? Dobi alikaa juu ya boksi la karatasi.

"Nani alikichomeka?"

Binti alitazama bakuli lake. "Ni mimi, mama. Siku ile aliuliza, na mimi nilikuwa nimechomeka kijiti, nimeenda kunywa chai. Ni mimi. Nisamehe."

Tone lililokuwa likining'inia kwenye ncha ya kidole chake halikudondoka. Alisubiri kidogo, akautoa mkono kwenye bakuli, akaupangusa kwenye sketi. Ukabaki mkavu. Wote wawili waliutazama kama watu wanavyomtazama mtoto mchanga aliyekubali kulala.

Dobi alitaka kumzaba kofi, na papo hapo alitaka kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alilia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu moto, na binti akalia naye, na Mtaalamu akaendelea kuuliza.

"Umenipa robo ya jibu," dobi alisema alipopata pumzi. "Asante, mwanangu. Zilizobaki ziko wapi?"

Robo nyingine ilikuwa kwa Injinia, aliyekuwa ameegemeza mkono wake juu ya ndoo huku akisoma gazeti kwa mkono mwingine. Alisema yeye alitoa ushauri wa kiufundi tu, na ushauri si amri, na hata hivyo mfumo bora ungekuwa umejua kwamba kinachojibu ni kijiti na si mtu. Alipofika kwenye neno "mfumo" mkono wake ulianza kububujika, akalazimika kuinua gazeti. Dobi akamwacha anahamisha makaratasi yake.

Nusu iliyobaki ilikuwa kwa Mkurugenzi.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo. Nimekuletea shati lako. Halikauki."

"Ni hali ya hewa," alisema Mkurugenzi. Mkono wake ulikuwa juu ya beseni kubwa, unatiririka kama bomba lisilofungwa vizuri, na zulia la ofisi yake lilikuwa limeota ukungu wa kijani pembezoni.

"Nani alifunga maji siku ile?"

"Mfumo, dada. Tulishazungumza."

Mkono ulifoka. Maji yalijaza kikombe chake cha chai, yakaingia kwenye droo, bahasha zikaelea. Mfagizi, aliyekuwa mlangoni, alisogeza ndoo bila kuambiwa.

"Nauliza tena. Nani aliagiza bondeni kufungwe ili mlimani kusikatike? Nani aliondoa watu wa kujibu?"

"Dada yangu, mimi ni binadamu tu. Hesabu zile anafanya Mtaalamu. Ni mfumo, mfumo, mfumo."

Ndoo ilijaa na kumwagika. Mfagizi aliibeba, akaleta nyingine. "Wanasema mkono mtupu haulambwi," alinong'ona akipita. "Huu unatosha kuoga."

Serikali ilipoona malalamiko yamezidi iliunda kamati. Kamati ilikuja, ikasalimiana na Mkurugenzi kwa mkono, ikajifuta kwa leso, ikakaa. Ilikaa sana. Iliona ndoo, iliona kijiti, ikakizunguka na kukipiga picha. Kisha ikamtia hatiani Mtaalamu. Alisimamishwa kazi: wakachomoa waya wake, wakambandua kibao cha jina, na Mkurugenzi akasema mbele ya waandishi wa habari kwamba hakuna aliye juu ya sheria. Mlimani walikaa asubuhi moja bila maji. Mchana Mtaalamu alirudishiwa waya, kibao, na onyo kali, aliloandikiwa kwa heshima zote.

Binti wa zamu alifukuzwa. Kosa lake lilikuwa kuichafulia taasisi jina, kwa sababu mkono wake mkavu ulikuwa unawafanya wakubwa wake waonekane vibaya. Kijiti nacho kiliondolewa, kama kamati ilivyopendekeza. Mahali pake waliagiza kipande cha chuma kilichochongwa kwa kipimo cha kitufe, kisichoshika kutu.

Aliyegundua matumizi ya mkono wa Mkurugenzi ni muuza mkaa. Dobi alikuwa amemsimulia yote, na muuza mkaa, ambaye husikia habari yoyote kwa sikio la biashara, alishika jambo moja tu: kwamba kila akiulizwa na kukana, mkono unafoka. Kesho yake alijipeleka ofisini na madumu. "Bosi," alimwuliza Mkurugenzi kwenye ngazi, kwa adabu kabisa, "eti nani alifunga maji yetu?" "Mfumo," alijibu Mkurugenzi, na dumu la kwanza likajaa. "Nani?" "Nimesema, mfumo!" La pili likajaa.

Wiki haikuisha, bondeni wote walikuwa pale. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwa na shida ya maji kama ile. Mwanzoni Mkurugenzi alichukia, akaita mlinzi. Baadaye aliambiwa kwamba maji yale yanaweza kuhesabiwa kuwa huduma, na katika taarifa ya mwaka ikaonekana huduma bondeni imeimarika. Akawekewa kiti nje, turubai la kuzuia jua, na kigogo cha kuegemeza mkono. Kila asubuhi alikaa pale. Mtu anasogea, anauliza, anajibiwa, anajaza, anasema asante. Mkurugenzi mwenyewe alianza kuipenda kazi ile. Alikuwa anawajulia watu hali.

Dobi hakuwa akienda. Alinunua maji ya mkokoteni hadi yakamshinda, nguo zikarundikana, wateja wakaanza kununa. Asubuhi moja alichukua ndoo, akaenda akapanga foleni kama wenzake.

Zamu yake ilipofika hakuuliza swali la siku zote. Aliiweka ndoo chini, akasimama mbele ya kiti.

"Mdogo wangu aliniuliza akiwa dirishani, mbona maji hayaji," alisema. "Bado sijamjibu. Nimwambie nini?"

Swali hili lilikuwa halijawahi kuulizwa pale. Mkurugenzi alimtazama dobi, na kwa kitambo akawa yule msoma mita aliyekuwa akikabidhi suruali huku amejifunga taulo, akiona haya. Maji yalipungua. Yakawa matone.

"Dada," alisema polepole. "Siku ile, mimi..."

Maji ya mkono yakakatika. Hata tone.

"He! Bosi!" ilipigwa kelele nyuma. Ilikuwa sauti ya muuza mkaa, yule aliyelia kuliko wote siku ya mazishi hadi akashikwa na watu wawili. Alikuwa amepiga dumu lake chini. "Bosi, ni mfumo! Sema ni mfumo!"

"Mfumo!" wakaitikia wa nyuma yake. "Mfumo, bosi! Tuna watoto nyumbani!"

"Shoga yangu, nakuomba," muuza mkaa alimwambia dobi, na machozi yalikuwa yanamlengalenga kweli. "Aliyekwenda amekwenda. Usitukaushie."

Dobi aligeuka akawatazama. Aliwajua wote. Aliwafulia wengi wao, na wote walikuwa barabarani siku ile, wamesimama pamoja naye chini ya dirisha. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Walikuwa na madumu matupu. Alitaka kuwatukana na tusi halikuja, kwa sababu shuka za nyumba ya wageni zilikuwa zimemngoja mno na ndoo yake yeye pia ilikuwa tupu.

Mkurugenzi alivuta pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Ni mfumo, dada," alisema. "Pole sana."

Maji yalifoka. Dobi aliisukuma ndoo kwa mguu mpaka ikakaa sawasawa chini ya mkono, akaiacha ijae.

Akarudi kwa njia ya karakana. Kuta zilikuwa bado zimesimama, nyeusi, na juu zilibaki nondo za dirisha. Alipofika chini yake aliitua ndoo, akajinyoosha kiuno, akainua uso.

"Maji haya hapa," alimwambia mdogo wake. "Jibu bado."

Kisha akajitwika ndoo, kwa sababu mashati ya Mkurugenzi nayo yalikuwa yanasubiri.